Filamu Niliyoitafsiri kwa Uongo

Jumatatu, 3 Juni 2024

Mzee, mume wangu, kaondoka alfajiri kwenda Sapiwi. Ununuzi wa pamba umeanza, na yeye ndiye anayesimamia mizani ya chama cha msingi cha wakulima, kwa hiyo mpaka Jumamosi nyumba ni yangu na kuku. Nimefua. Nimefagia uwanja. Saa nne kila kitu kimekwisha — ndiyo shida ya kustaafu, kazi zinaisha kabla ya chai!

Saa tano kaja Hamimu. Nilimfundisha Kiingereza kidato cha kwanza hadi cha nne, na mpaka leo akiniona anaficha mikono kana kwamba nitamkagua kucha. Siku hizi ana kibanda cha muvi sokoni. Anachukua filamu za nje, anaweka sauti yake juu kwa Kiswahili, kisha anawarushia watu kwenye flashi na memori kadi. Zinafika mpaka Mwandoya na Migato. Sauti anayo, sikatai. Kiingereza — tuache.

Amesema, Madam, nimekwama. Amepata filamu ambayo jalada lake lina vile vishada vya majani pande zote, maana yake imeshinda tuzo huko duniani. Lakini lugha hajui hata ni ya nchi gani, na maandishi ya Kiingereza chini yanakimbia. Anaomba nikae naye nimsomee, yeye atie sauti. Anataka itoke siku ya Idd.

Nikamwuliza kwa nini asibuni tu kama anavyobuni zile za kareti. Akacheka. Eti zile watu wanapigana, hata mbuzi anaelewa. Hii watu wanakaa tu wanaangaliana.

Nimekubali. Angalau nitakuwa na mahali pa kwenda.

Jumatano, 5 Juni

Filamu ni ya Bulgaria. Nimesoma nyuma ya jalada. Mwanamke anaitwa Ruja, anashona makoti kiwandani, anaishi peke yake ghorofani. Theluji kila mahali. Hamimu kambatiza Rosi, kwa sababu kwake hakuna mhusika anayebaki na jina lake.

Kazi yenyewe ni hivi: anasimamisha picha, nasoma Kiingereza kimoyomoyo, nasema kwa Kiswahili, anaandika kwenye daftari. Sentensi moja moja. Nimefurahi, kusema kweli. Miaka mitano sijashika chaki.

Halafu ikaja ile sehemu ya ofisini. Ruja anapeleka kitambulisho dirishani. Karani anakitazama, anamtazama, anakitazama tena. Anamwita mwenzake. Wanacheka taratibu, bila aibu. Picha ikasogea karibu na kitambulisho nikasoma jina — jina la mwanamume. Na Ruja amesimama pale na mkoba wake, amezoea.

Nikaelewa. 

Hamimu akauliza, Madam, wanacheka nini?

Nikasema, wamempa kitambulisho cha mtu mwingine. Akasema hata yeye walimchanganyia na mzee mmoja wa Itilima. Tukaendelea.

Kwa nini nimesema vile? Hakuna aliyenishikia fimbo. Mdomo ulitangulia tu, mimi nikafuata.

Alhamisi, 6 Juni

Sikwenda. Nimemtumia Hamimu ujumbe kwamba kichwa kinauma. Hakiumi.

Nitaandika mara moja, humu, ambapo hakuna anayesoma. Mtoto wetu mmoja tu, Anatoli. Tulimzaa tukamwita mvulana. Tangu mdogo alikuwa vile alivyokuwa, na mimi nilijua, na nilijifanya sijui. Nilimnyoa nywele kila Jumamosi kwa mkono wangu. Desemba ya mwaka 2017 alirudi kutoka chuoni Mwanza, Mzee akafungua begi lake kutafuta chaja, akakuta magauni. Mawili. Moja la maua madogo ya bluu, limekunjwa vizuri.

Sikuwa sebuleni. Nilikuwa jikoni nasonga ugali. Nilisikia yote. Anatoli hakukana, alisema kwa sauti ndogo, baba, hivi ndivyo nilivyo. Mzee akasema: Mimi nilizaa dume. Wewe sikujui. Mlango ukafunguliwa.

Niliendelea kusonga. Ugali ukishaanza kushika huwezi kuuacha — ndivyo nilivyojiambia! Nilipoutoa nikaweka sahani tatu mezani, kwa mazoea. Mzee akala. Mimi pia nikala, Mungu anisamehe.

Watu tuliwaambia yuko Msumbiji, kapata kazi. Alikuwa ananipigia kila Krismasi. Halafu namba ikaacha kupatikana. Sasa ni Krismasi mbili.

Mtaa mzima bado unaniita Mama Anatoli. Mzee peke yake aliacha. Yeye huniita Mwalimu.

Ijumaa, 7 Juni

Nimekwenda, kwa sababu kukaa nyumbani ni kubaya zaidi.

Ruja anaamka, ananyoa kidevu mbele ya kioo. Hamimu akasimamisha picha. Madam, mbona ananyoa ndevu? Nikasema wazungu wengine ndivyo walivyo. Akasema hata shangazi yake Fatu anazo tatu, ila haziguswi, ni za baraka. Nimecheka mpaka machozi yakanitoka, na hayakuwa yote ya kucheka.

Halafu safari. Ruja amepata habari kwamba mama yake mgonjwa. Anapanda basi siku nzima kwenda kijijini kwao, baba yake anafuga kondoo. Anafika na begi. Baba yuko getini. Anamtazama. Anasema: "Nilizaa mwana wa kiume. Nilimzika. Wewe sikujui." Anafunga geti.

Na dirishani — mama. Amesimama na shali mabegani. Anamwona mtoto wake kwenye theluji. Mkono unainuka, nikadhani anafungua dirisha. Anavuta pazia.

Nilimwambia Hamimu nataka maji. Nilikunywa nimesimama nje ya kibanda, jua la saa saba utosini.

Niliporudi alikuwa ananingoja na kalamu. Madam, huyu baba ana nini? Nikampa hadithi nzima, imekamilika, kama niliyoiota: Rosi ni binti aliyekataa mume aliyechaguliwa na baba. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshapokelewa, ikabidi warudishwe mbele ya kijiji kizima. Ndiyo aibu ya baba. Ndiyo maana anasema nilikuwa na binti, ng'ombe walirudi, naye akafa.

Hamimu akapiga meza. Hiyo! Hiyo ndiyo watu wa huku wataielewa!

Kuna sehemu mbili hazikukubali uongo wangu hata nilipozikunja. Nilimwambia ni ndefu, zinachosha. Akazikata.

Jumamosi, 8 Juni

Mzee karudi. Vumbi la pamba mpaka kwenye nyusi. Kaniuliza wiki ilikuwaje, nimesema nzuri. Kalala saa mbili.

Jumanne, 11 Juni

Leo ametia sauti. Hamimu amefunga kibanda, katandika blanketi dirishani ili kelele za bodaboda zisiingie. Anasoma daftari lake na maikrofoni mkononi. Sauti ya Rosi anaifanya kwa upole, hafanyi ile ya kubana pua anayowafanyia wanawake wengine. Sikumwambia afanye hivyo.

Alipofika getini sauti yake ilikatika. Akarudia mara mbili.

Shangazi Fatu alileta uji, akabaki kusikiliza mlangoni. Akasema, nyie, huyu mtoto wamemwonea.

Nimejisikia fahari. Naandika hivyo ingawa naona haya. Fahari! Kwa kazi ya namna ile!

Jumatatu, 17 Juni — Idd

Mwaliko kwa Fatu. Pilau, kachumbari, mbuzi. Baadaye wakafungua filamu sebuleni, wanawake kama kumi na tano na watoto chini. Hamimu ameipa jina lake, Rosi wa Getini.

Kabla haijaanza, sauti yake inasema kwa mbwembwe: shukrani za pekee kwa mwalimu wangu, Madam Benedikta Maduhu wa Somanda, Bariadi, aliyeifumbua lugha ya mbali. Wote wakanigeukia, wakapiga vigelegele. Sikujua ataweka hilo. Ndiyo desturi ya hawa watia sauti, lazima wamtaje mtu.

Walilia wote. Mama mmoja wa duka la vitenge alikuwa anamsemesha baba kwenye runinga: Ng'ombe! Ng'ombe na mtoto, ewe mzee, kipi kitakuzika?

Nimekaa nyuma. Wanawake wazuri, wana huruma. Nikawa nawatazama mmoja mmoja na kujiuliza ningewaambia ukweli wangelia au wangetema mate.  Sikuuliza.

Jumamosi, 22 Juni



Mzee karudi mapema, saa tisa, na uso wa mtu mwenye habari. Hata mizigo hajashusha. Mwalimu! Mwalimu, umeliza watu Sapiwi!

Kwenye kibanda cha video cha pale walionyesha filamu ya Hamimu Alhamisi mchana, wakulima wakingoja zamu ya mizani. Akasikia jina langu — jina la mke wake! — mbele ya watu wote. Mzee Selestini, mkulima mmoja, alifuta macho kwa kofia. Na yeye, Sylvester Maduhu, ambaye hakulia hata tulipomzika mama yake, akaniambia bila kuona haya kwamba alitoka nje mara mbili.

Akakaa kwenye kiti cha jikoni, mahali asipokaa kamwe, akanisimulia filamu mwanzo hadi mwisho. Mimi. Filamu niliyoiandika. Akafika getini.

Akasema: Baba gani yule? Mtoto kasafiri siku nzima na begi, baridi ile, unamfungia! Hata angekuwa amekosa nini. Mtoto ni wako, umpige, umgombeze, lakini mlango usifunge.

Nilikuwa nachambua mchele. Nilichambua ule ule mara mbili.

Nilimtazama machoni nikitafuta kama anasikia anachosema. Hapana. Hakuna hata kivuli. Analia kabisa kwa ajili ya msichana wa Bulgaria na ng'ombe ambao niliwazua mimi. Na yule mwingine hayumo kabisa kichwani mwake. Amemtoa. Nani alimsaidia kumtoa? Nani alisema Msumbiji?

Kweli ilikuwa palepale, tayari mdomoni. Nikasema, chakula kitachelewa kidogo.

Akasema hakuna shida. Akaniita Mama Anatoli. Mara ya kwanza baada ya miaka sita na nusu! Hata yeye alishtuka, akainuka kwenda kuoga.

Jumapili, 23 Juni

Misa ya pili. Nje ya kanisa watu wamenishika mikono kunipongeza, mpaka wazee wa kigango. Mwalimu, andika nyingine!

Saa nane ujumbe kwenye simu, namba ngeni: "Shikamoo mama. Unaweza kuongea kesho baba akiondoka?"

Nimeusoma mara nyingi sana. Nimejibu: Ndiyo. Nimeshindwa kuongeza neno.

Jumatatu, 24 Juni

Simu iliita saa tatu na robo. Nilikuwa nimekaa nayo mapajani tangu saa kumi na mbili.

Kikohozi kidogo kwanza. Kile kile, kabla ya kusema neno. Shikamoo mama. Marahaba. 

Akasema: Mama, siku hizi naitwa Milembe.

Jina la mama mkwe wangu. Mama yake Mzee, aliyemlea mtoto kule Sapiwi mpaka alipoanza shule. Nikaogopa kwanza, nikasema, ukilitumia jina la bibi yako, baba... Akanikatiza kwa upole. Bibi ndiye aliyempa. Mwaka wa mwisho wa uhai wake, walikuwa wawili tu wanachambua pamba, bibi akamwambia, nikifa chukua jina langu, linakukaa wewe. Mwanamke asiyejua kusoma, amekaa chini kwenye gunia. Alijua, na akatoa alichonacho. Mimi mwenye diploma nilimnyoa nywele kila Jumamosi.

Milembe, basi. Naliandika. Milembe binti yangu. Halijaniua.

Anaishi Buhongwa, Mwanza. Anaoka keki za harusi. Filamu ile anaijua — aliiangalia mwaka jana na wenzake, ile halisi, mara tatu. Anasema ilikuwa mara ya kwanza kumwona mtu kama yeye kwenye runinga ambaye hawekwi pale achekwe. Wiki iliyopita yuko saluni, mwenye saluni akaweka ya Hamimu. Akasikia: Madam Benedikta Maduhu wa Somanda, Bariadi.

Aliniambia hivi: Mama, nilisogeza kiti mpaka karibu na runinga. Nikasema moyoni, mama ameiona. Ameisoma yote. Ameelewa, na sasa anawaambia watu.

Halafu akasikia ng'ombe.

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Akasema: Mama, hata kwenye filamu umenificha.

Nikaanza kujitetea. Watu wa huku, Hamimu angepata shida, ingebidi... Nikajisikiliza mwenyewe. Nikaacha. Nikasema ni kweli.

Mwenye nyumba wake amemgundua, amempa mpaka mwisho wa mwezi ahame. Ameshatishiwa njiani mara mbili. Kuna rafiki anavuka naye mpaka, Jumapili hii tarehe thelathini, basi la asubuhi. Nchi gani hakusema, na nilielewa kwa nini haniambii. Laini ataivunja.

Anachotaka: sitaki baba anipokee, mama, siombi hilo. Nataka ajue, na ajue kwa mdomo wako. Useme mara moja tu, kwa sauti, kwamba unaye binti. Ukishasema nipigie, hata kama amekataa. Usiponipigia kabla ya Jumapili, nitakuwa nimejua.

Nikasema nitasema. Akasema, haya mama. Alisema kama mtu anayemjibu mtoto.

Jumanne, 25 Juni

Nimefanya mazoezi na kuku. "Mume wangu, mtoto wetu ni binti." Nimeweza mara nne. Kuku hawakujali.

Jumatano, 26 Juni

Nimekwenda kwa Hamimu, nikamwambia yote. Filamu, kitambulisho, geti, mtoto wangu. Nilitaka aitie sauti upya, ile ya kweli.

Alizungusha kalamu. Akasema: Madam, watachoma kibanda. Na mimi nikiwa ndani. Sikuweza kumwambia haitatokea.

Halafu akasema kitu ambacho bado kinanichoma. Amesema, na lile la ndevu, Madam, mimi sikuwa mjinga kiasi kile. Nilielewa siku ileile. Nilikuona unavyotetemeka, nikasema Madam ana sababu zake, nimwachie.

Nikamwuliza, na Anatoli je? Walikaa dawati moja. Akainamisha kichwa. Tulijua sote, Madam. Tangu kidato cha pili. Alikuwa ananiambia. Tulikuwa tunangoja nyie wazazi mseme, na sisi tuseme.

Darasa zima! Mimi nikiwafundisha tenses.

Amenipa flashi yenye filamu nzima, sauti zao wenyewe, na sehemu mbili alizozikata amezirudisha. Amekataa nimshukuru. Amesema nimsalimie. Nimemwambia anaitwa Milembe. Akajaribu jina kwa sauti ya chini, akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Ijumaa, 28 Juni

Siwezi kula. Nimemwandikia Mzee barua, kurasa mbili, Kiswahili safi, aya zimepangwa. Nimeisoma. Ni barua ya mtu anayejificha nyuma ya karatasi. Nimeitia kwenye moto. Mtoto alisema kwa mdomo.

Naweza kumpoteza Mzee pia. Niliandike hilo, kwa kuwa ni kweli na linanitisha. Miaka thelathini na moja. Ni mtu mwema kwa mambo mengine yote. Hajawahi kuninyanyulia mkono. Ana kisukari, mimi ndiye ninayempimia. Nitaishi na nani kwenye nyumba hii?

Na kama sitasema nitaishi na nani?

Jumamosi, 29 Juni

Mzee kafika saa saba. Kaoga, kala. Nikamwambia, kaa, nataka tuangalie filamu ile pamoja. Akafurahi! Akasogeza kiti, akavua viatu. Nikachomeka flashi.

Ilipoanza akasema, mbona Hamimu hasemi? Nikasema hii haina Hamimu. Leo nitakusomea mimi, kama ilivyoandikwa.

Nikasoma. Sauti yangu ya darasani, ndiyo pekee niliyonayo. Dakika za mwanzo alikuwa anatabasamu, anasema hapa nakumbuka. Ikafika ofisini. Nikasoma jina lililoandikwa kwenye kitambulisho. Akasema, hilo si jina la kiume? Nikasema ndiyo. Akasema, wamekosea. Nikasema hawajakosea. Walimzaa wakamwita mvulana. Ni mwanamke. Ndivyo hadithi ilivyo, mimi nilidanganya.

Akanitazama. Nikangoja ainuke. Nilikuwa nimeshika mkono wa kiti kwa nguvu. Akageuka tena kwenye runinga.

Zikaja zile sehemu mbili zilizokatwa. Katika moja daktari anamwuliza Ruja maswali, na Ruja anajibu kwa subira. Nikasoma kila neno. Katika nyingine anafungua kabati anatoa gauni lake la kwanza, amelitunza. Mzee akakunja mikono kifuani. Alikuwa anapumua kwa pua, nilimsikia.

Basi. Theluji. Begi. Geti.

Nikasoma: "Nilizaa mwana wa kiume. Nilimzika. Wewe sikujui."

 Ruja akabaki pale getini, sauti ya upepo tu. Mzee akanyoosha mkono kuomba rimoti. Hajui vitufe, akabonyeza mpaka akapata. Akarudisha. Soma tena anachosema baba.

Nikasoma.

Tena.

Nikasoma. Mara ya nne sauti yangu ilikwisha, akasema taratibu, kwa Kisukuma, peke yake, maneno ambayo hayakuwa kwenye filamu. Yalikuwa yale ya Desemba. Mimi nilizaa dume. Neno kwa neno. Kumbe anayo. Miaka yote hii alikuwa nayo mahali.

Nikajiandaa kuipokea hasira yake. Haikuja. Alionekana mzee sana. Alikuwa anatazama dirisha la ile nyumba, pale pazia linapotikisika.

Akauliza: Na huyu mama? Anasema nini?

Nikasema, hasemi kitu.

Akarudisha nyuma. Akasogea mbele kwenye kiti. Hata kidogo? Hakuna maandishi?

Hakuna. Hasemi kitu.

Akasimamisha picha hapo hapo, mkono wa mama uko juu. Akaweka rimoti mezani, pembeni ya simu yangu. Hakunitazama. Akasema: Basi sema wewe.

Nimemwambia maharage yanaungua. Hakuna maharage. Nimekuja huku jikoni, naandika nimesimama, daftari juu ya debe la unga, kwa sababu miguu yangu imenileta palepale kama ile Desemba. Saa kumi na nusu. Basi lake ni kesho asubuhi.

Hajaniita. Hajainuka. Kiti kinalia kidogo, anageuza mwili kuelekea mlango huu. Ananingoja niseme.